Kulala chali na gobore: kisa cha vijana wa Chicago, 1860

Chukua gobore. Si bunduki ya magazini, bali gobore lenyewe, la kujazwa kwa mbele. Ili ulijaze, lazima usimame. Kitako unakiweka chini karibu na mguu, mtutu unatazama mbinguni. Unang'ata karatasi ya risasi, unamimina baruti, unaingiza risasi mdomoni mwa mtutu, unachomoa mdeki, yaani ufito wa kushindilia, unashindilia, unarudisha mdeki mahali pake, unainua bunduki, unaweka fataki chini ya nyundo. Hapo ndipo unalenga. Jeshi la Marekani la miaka ya 1850 lilifundisha kazi hiyo kwa amri tisa, na askari mwepesi alimudu risasi mbili au tatu kwa dakika. Muda wote huo umesimama kama mgomba, na adui anayekulenga anakuona kutoka unyayo hadi utosi.

Sasa mtazame mtu mwingine. Amelala kifudifudi, anafyatua. Anaivuta bunduki, anang'ata karatasi, anajigeuza chali. Kitako anakibana kati ya visigino, kufuli la bunduki, ile sehemu yenye nyundo, likielekea juu. Mtutu unapita kati ya magoti na mdomo wake umenyanyuka kidogo. Anamimina, anachomoa mdeki, anashindilia huku mgongo uko chini, anajigeuza tena kifudifudi, anafyatua. Hakuinua kichwa hata mara moja. Waweke vijana arobaini na kitu kwenye safu, wote wavae mavazi ya rangi kali, wote wageuke kwa pamoja kama dagaa wanavyogeuka majini, halafu zunguka miji ya Marekani nao katika kiangazi cha 1860. Watu walilipa kuwaona, na walipoondoka kila mji ulitaka kikosi chake cha namna hiyo.

Kwenye kwata ya maonyesho, ile inayochezwa mbele ya majaji na watazamaji, hakuna swali linalozua ubishi kama la nani aliyeanzisha mbinu fulani. Kila mbinu ina baba watatu, na kila baba ana mashahidi. Nimechagua hii ya kulala chali kwa sababu asili yake inaweza kufuatiliwa kwa maandishi na tarehe. Jibu lililozoeleka linasema hivi: Elmer Ellsworth, karani kijana wa Chicago, aliichukua kwa askari wa Kifaransa walioitwa Wazuavu, nao Wazuavu waliipata milimani Aljeria. Ni hadithi tamu na ina mtiririko mzuri. Ukiishika kila kiungo ukakivuta, vingi vinang'oka.

Jina kutoka milimani

Kiungo cha kwanza ni Aljeria. Ufaransa iliuvamia mji wa Algiers mwaka 1830, na mwaka huohuo ikaanza kuandikisha askari wenyeji. Wengi walitoka kwa Wazwawa, Waberiberi wa milima ya Djurdjura katika Kabylia, watu waliokuwa na sifa ya kukodishwa kama askari tangu enzi za watawala wa Algiers. Wafaransa wakalitamka jina lao kwa ulimi wao, wakaliandika Zouave. Kwa hiyo neno Zuavu ni la Kiafrika, na hilo halina ubishi.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1840 jeshi la Ufaransa liliwatenga askari wa Kialjeria katika vikosi vyao wenyewe, na Wazuavu wakabaki karibu wote Wafaransa. Kilichobaki cha Wazwawa kilikuwa jina na mavazi: tarbushi, kizibao kilichodariziwa, suruali pana iliyokusanywa chini ya goti, na mshipi mpana kiunoni. Mtu wa Unguja au Mombasa akitazama picha zao haoni ugeni mwingi kwenye kizibao na tarbushi. Kinachomshangaza ni sura ya Mfaransa iliyo ndani yake.

Mavazi haya yakaenda vitani Krimea, na huko Wazuavu wakajipatia jina kubwa, Alma mwaka 1854 na Malakoff mwaka 1855. George McClellan, kapteni wa Kimarekani aliyetumwa pamoja na maofisa wengine wawili kuitazama vita ile, alirudi akiwasifu kuliko askari wote aliowaona. Magazeti ya Marekani yakadaka sifa hizo. Tangu hapo, kila kitu chepesi, cha haraka na cha kuvutia katika kwata kilibandikwa jina la Zuavu. Wengi wape, wanasema Waswahili, na wengi walisema ni ya Wazuavu.

Mbinu yenyewe ilitoka pengine. Mwishoni mwa miaka ya 1830 Wafaransa walianza kuunda, huko Vincennes karibu na Paris, askari wepesi wa miguu waliokusudiwa kupigana kwa kutawanyika, kila mmoja akitafuta kificho chake. Walifundishwa mchakamchaka wa masafa marefu, kupigana kwa singe kama watu wanaopigana kwa upanga, kupiga risasi wakiwa wamepiga goti, na kupiga wakiwa wamelala. Mwaka 1852 jeshi likafungua shule ya mazoezi ya viungo huko Joinville. Yote hayo yalikuwa na sababu moja kubwa: bunduki ilikuwa imebadilika. Zamani mtutu ulikuwa laini ndani, na risasi ya duara ilipotea baada ya mita mia moja hivi. Kusimama wima mbele ya adui kulikuwa hatari unayoweza kuibeba. Ilipokuja mitutu yenye mifuo ndani, na mwaka 1849 risasi ya Minié inayojitanua na kuishika mifuo hiyo, mtu aliyesimama akishindilia akawa shabaha kwa mita mia kadhaa. Aliyelala alikuwa na nafasi ya kuishi. Tatizo ni kwamba gobore halijazwi ukiwa kifudifudi, kwa sababu mkono hauufikii mdomo wa mtutu wala mdeki haupati nafasi. Kujigeuza chali ndilo jibu pekee linaloingia akilini ukilala chini na bunduki ndefu kuliko mguu wako. Sioni haja ya kumtafutia baba mmoja. Yeyote aliyelazimika kujaza bunduki hiyo akiwa amelala angefika hapohapo.

Kilichokuwa tayari kwenye karatasi

Kiungo cha pili kinang'oka kwa urahisi zaidi, na nashangaa kwa nini hakitajwi mara nyingi.

Jefferson Davis, kabla ya kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga, alikuwa waziri wa vita wa Marekani tangu 1853. Aliona bunduki mpya zinakuja huku jeshi likiendelea kufundishwa mwendo wa zamani, akampa ofisa aitwaye William Hardee kazi ya kuandaa mwongozo mpya. Ulitoka mwaka 1855, na kwa sehemu kubwa ni tafsiri ya mafunzo ya wale askari wepesi wa Kifaransa. Mchakamchaka umo, hatua 165 kwa dakika. Zile amri tisa za kujaza zimo. Na katika sehemu ya askari wa kutawanyika, wale wanaotangulia mbele ya safu kuu, mbinu yetu imo neno kwa neno: jigeuze chali, bunduki kati ya visigino, kufuli juu, mtutu kati ya magoti, mdomo umenyanyuka, shindilia.

Maana yake ni kwamba miaka mitano kabla vijana wa Chicago hawajapanda treni, kulala chali na gobore kulikuwa agizo rasmi la jeshi la Marekani. Hakikuwa kitu cha kigeni wala siri ya milimani. Askari wa kawaida, akiwa na kamanda anayesoma, alipaswa kukijua.

Hata hivyo, tazama mwongozo ulivyokiweka. Askari wa kutawanyika walifanya kazi wawiliwawili, na sheria kuu ilikuwa kwamba wawili hao wasiwe na bunduki tupu kwa wakati mmoja. Mmoja anafyatua; mwenzake anangoja, risasi iko ndani; wa kwanza akimaliza kujaza, ndipo wa pili anafyatua. Kati ya jozi na jozi kuna nafasi ya hatua kadhaa. Kwa hiyo mbinu hii, kwenye makazi yake ya asili, haina mpangilio wowote wa kutazamika. Huyu amelala chali nyuma ya kisiki, yule kifudifudi kwenye mtaro, mwingine anakimbia kutafuta mti. Mtazamaji angeona vurugu tu, wala asingepiga makofi.

Karani na bendera

Elmer Ellsworth alizaliwa mwaka 1837 katika kijiji cha Malta, jimbo la New York. Alitamani chuo cha kijeshi cha West Point tangu utotoni, lakini familia yake ilikuwa maskini na njia haikupatikana. Akaenda magharibi, akafanya biashara ya kuwaombea watu hataza huko Chicago, biashara ikafa, akawa karani anayesomea sheria. Shajara yake ya siku hizo inasikitisha kusoma: siku za mkate mkavu, biskuti na maji, usiku wa kulala kwenye sakafu ya ofisi, na katikati ya njaa hiyo kurasa za hesabu za kwata. Kuna watu wanaoandika mashairi wakiwa na njaa. Huyu alipanga hatua za askari asiokuwa nao.

Mwalimu wake alikuwa Mfaransa aitwaye Charles DeVilliers, mganga aliyewahi kuhudumu na Wazuavu huko Krimea na ambaye sasa alifundisha upanga Chicago. Hapa ndipo jina la Zuavu linapata uhalali kidogo: kuna mkono wa mtu aliyekuwepo. Ellsworth alijifunza kwake mchezo wa upanga, akaagiza miongozo ya Kifaransa, akajikaza kujua lugha ili aisome. Katika hadithi zinazosimuliwa, DeVilliers hupewa sentensi moja kisha anatoweka. Mimi ningempa zaidi. Karatasi inaweza kukwambia visigino vikae wapi. Haiwezi kukwambia kasi, wala namna mwili unavyotua bila kuumia mara ishirini kwa jioni moja.

Mwaka 1859 Ellsworth alikabidhiwa kikundi cha wanamgambo wa mji kilichokuwa kinakaribia kuvunjika. Wanamgambo wa wakati ule Marekani walikuwa zaidi ya nusu klabu: vijana wa maduka na ofisi, sare nzuri, karamu baada ya gwaride. Yeye akakibadilisha jina, kikawa Kadeti Wazuavu wa Marekani, na akaweka masharti ambayo hata askari wa kambi hawakuwa nayo. Ukionekana baa, umefukuzwa. Ukionekana kwenye nyumba ya kamari, au kwenye meza ya biliadi, au danguroni, umefukuzwa. Mazoezi yalikuwa usiku, baada ya kazi, karibu kila siku. Wengi wanaosimulia kisa hiki hupita masharti hayo haraka kana kwamba ni tabia za ulokole wake tu. Mimi naona ndiyo mashine iliyoendesha kila kitu. Safu ya watu arobaini kugeuka chali kwa mpigo mmoja inahitaji watu walewale, usiku ule ule, wiki hata wiki. Mlevi mmoja anayekosa mazoezi mawili anaonekana kwenye safu kama jino lililong'oka.

Tarehe 4 Julai 1859 walionyesha kwata yao hadharani Chicago kwa mara ya kwanza. Septemba ya mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya kitaifa ya kilimo yaliyofanyika mjini hapo, walipata bendera ya ubingwa. Ndiyo, maonyesho ya kilimo, ng'ombe na majembe upande mmoja, kwata upande wa pili. Sasa bendera ya ubingwa uliyoipata nyumbani kwako ni kitu cha kutiliwa shaka, na Ellsworth alilijua hilo. Akatoa changamoto kwa nchi nzima: kikosi chochote, cha wanamgambo au cha jeshi la kudumu, kikiwashinda kwa kwata kitachukua bendera.

Walitoka Chicago mwanzoni mwa Julai 1860 na kurudi katikati ya Agosti. Kwa wiki sita walipita kwenye miji ipatayo ishirini, ikiwamo Detroit, Cleveland, Albany, New York, Boston, Philadelphia, Baltimore, Washington, ambako walicheza mbele ya rais James Buchanan kwenye viwanja vya Ikulu, kisha St. Louis na Springfield. Walikimbia kwa mchakamchaka na kubadilika kutoka mraba hadi msalaba hadi nyota bila kusimama. Walipigana kwa singe hewani. Walipandiana mabegani. Walijaza na kufyatua wakikimbia, wakipiga goti, wakilala kifudifudi na kugeuka chali. Walirudi na bendera.

Kuna kituo kimoja cha ziara hii ambacho kinanichekesha kila nikikifikiria. Walicheza West Point, chuo ambacho Ellsworth hakuweza kuingia. Mkuu wa mafunzo ya kadeti wa chuo hicho, tangu 1856 hadi mwaka huo wa 1860, alikuwa William Hardee, yuleyule. Yaani kitu ambacho nchi nzima ilikuwa inakiita ujanja mpya wa Kizuavu kilipelekwa kuonyeshwa kwenye uwanja wa mtu aliyekiandika kwenye kitabu cha serikali miaka mitano nyuma.

Alichokiongeza

Kwa hiyo Ellsworth hakubuni kitu? Hapo ndipo siafikiani na wale wanaofurahia kuvunja sifa za watu. Alibadilisha jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoifanya mbinu hii kuwa ya maonyesho.

Kumbuka jozi ya askari na ile sheria ya kutokuwa na bunduki tupu kwa pamoja. Ellsworth aliivunja makusudi. Safu nzima inafyatua, safu nzima inageuka, midomo yote ya mitutu inanyanyuka. Mideki yote inatoka na kuingia kwa mpigo mmoja. Kivita huo ni upumbavu, kwa sababu kwa sekunde ishirini kikosi kizima hakina risasi hata moja na kimelala chali kikitazama mawingu. Kwa mtazamaji ni uchawi, maana jicho la binadamu linapenda vitu vingi vikifanya kitu kimoja. Aliichukua kazi ya mtu mmoja anayejificha akaifanya kazi ya watu wengi wanaoonekana. Hakuna mwongozo wa Kifaransa wala wa Hardee uliotaka hivyo, kwa sababu miongozo ilikuwa inafikiria adui, naye alikuwa anafikiria jukwaa.

Pia aliiunganisha. Kwenye mwongozo, kupiga ukiwa umelala ni kifungu kinachojitegemea. Kwenye uwanja wa Ellsworth kilitanguliwa na mbio na kufuatiwa na kuinuka kwa ghafla na kuingia kwenye umbo jingine, hata mtazamaji hakujua kimoja kiliishia wapi. Na changamoto ile ya bendera ilikuwa kitu cha peke yake: kwata ikawa na mshindi. Palipo na mshindi pana kuigana, na palipo na kuigana pana swali la nani alianza. Kabla ya 1860 hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kujali nani wa kwanza kulala chali.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kushangaa. Beni, ile ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa hadi Tanga, Dar es Salaam na bara, ilikuwa kwata ya raia pia: vyeo vya kijeshi vya kujipachika, sare, mwendo wa safu, na uhasama wa Marini na Arinoti wa nani kamzidi nani. Wale hawakumwiga Ellsworth, hawakuwahi hata kumsikia. Lakini kijana wa dukani anayetaka kutembea kama jenerali jioni, na kumtambia wa mtaa wa pili, ni yuleyule Chicago na Mombasa.

Baada ya ziara, vikundi vya Zuavu viliota kama uyoga. Huko Salem, Massachusetts, Arthur Devereux, aliyewahi kufanya biashara na Ellsworth Chicago, aliwafundisha wanamgambo wa mji wake. Indiana ilikuwa na Lew Wallace na watu wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Aprili 1861, vikosi vingi vilikwenda kambini vimevaa suruali pana, na wengi waliamini kwamba suruali ndiyo iliyobeba ujuzi.

Mbinu ilipokutana na kazi

Ellsworth, ambaye wakati huo alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya uwakili ya Abraham Lincoln na kusafiri naye kwenda Washington, aliunda jeshi la watu 1,000 na zaidi kutoka kwa wazimamoto wa New York. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 1861 moto ulizuka karibu na hoteli ya Willard, hatua chache kutoka Ikulu. Watu wake walikuja mbio, wakapandiana mabegani hadi kufika juu, wakauzima. Magazeti yalishangilia: tazama, maonyesho yamefaa! Mimi nasita. Wale walikuwa wazimamoto kabla hawajawa Wazuavu, na walikuwa kambini wiki chache tu. Mzimamoto wa New York hakuhitaji kufundishwa namna ya kupanda jengo linaloungua. Ni mfano mzuri wa namna sifa inavyohamia kwa aliyevaa nguo ya rangi.

Tarehe 24 Mei alivuka mto Potomac kuingia Alexandria, Virginia. Aliona bendera ya waasi juu ya hoteli moja, akapanda kuishusha, na alipokuwa anateremka ngazi mwenye hoteli, James Jackson, alimpiga risasi kifuani. Ofisa wa kwanza wa upande wa Muungano kuuawa katika vita ile, umri miaka 24. Maiti yake ililazwa Ikulu. Kwata haikuhusika na chochote pale. Ngazi, mtu aliyengoja, bunduki ya kuwindia. Miezi miwili baadaye, kwenye mapigano ya kwanza ya Bull Run, jeshi lake lilipata hasara kubwa likiwa limesimama kilimani kulinda mizinga.

Kisha bunduki ikabadilika tena. Waprusi walikuwa na bunduki ya kujazwa kwa nyuma, ya sindano, tangu miaka ya 1840. Julai 1866, Königgrätz, walilala chini na kujaza wakiwa wamelala kifudifudi, bila kugeuka, huku Waaustria wakisimama na mideki yao. Mwaka huohuo Marekani nayo ilikuwa inageuza magobore yake yawe ya kujazwa nyuma. Kujigeuza chali, kazi iliyohitaji Vincennes na Hardee na DeVilliers, ikakosa sababu ndani ya muda mfupi. Mtu akikuonyesha leo kwata ya bunduki ya kisasa ambamo safu inalala chali, ujue ni kumbukumbu ya mdeki ambao haupo.

Wazuavu wa maonyesho wenyewe waliendelea kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walionekana hata kwenye sarakasi ya Buffalo Bill, wakiparamia ukuta kwa kupandiana mabegani. Walichoacha ni lile wazo la safu nzima kama mwili mmoja, na la kushindania. Mwaka 1891 John Pershing, luteni aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nebraska, alichukua kombania ya wanafunzi akaipeleka Omaha mwaka uliofuata kwenye mashindano ya kitaifa ya kwata, ikarudi na tuzo. Kundi hilo baadaye likachukua jina lake, na kwata ya wanafunzi Marekani bado inashindaniwa kila mwaka. Mwaka 1948 wanamaji wa Marekani walianzisha huko Washington platuni ya kimyakimya, watu 24, bunduki ya M1 yenye singe, uzito wa karibu kilo tano, inarushwa na kuzungushwa bila amri hata moja ya mdomo. Mbinu zao zimezaliwa na uzito wa bunduki hiyo na mahali kitovu cha uzito huo kilipo, kama ile ya kale ilivyozaliwa na urefu wa mdeki.

Na kwetu, kwenye sherehe za Uhuru na za Muungano, watu hunyamaza kungoja gwaride la kimyakimya la JWTZ. Aliyepita JKT anajua kinachoendelea vichwani mwao: moja, mbili, tatu, nne, kimoyomoyo, na hofu ya kuwa wewe ndiye utakayeharibu ya tano. Bunduki zinapaa begani, zinashuka, kisigino kinagonga, jukwaa linalipuka kwa makofi. Hakuna anayelala chali. Magazini iko chini ya bunduki, na mkono unaifikia.